Maarifa ya Nyumbani: Keki Bila Kuuza Mbegu



Mwezi uliopita katika ukurasa huu tulijifunza namna ya kutunza maziwa yasiharibike. Mwezi huu tutapika keki. Si keki ya kunywea chai tu. Ni keki ya sherehe. Ina tabaka tatu. Katikati ina matunda. Juu ina krimu nyeupe.

Najua baadhi yenu mtacheka. Mtasema, "Keki ni ya watu wa mjini. Inataka umeme. Inataka vitu vya dukani." Mimi nami nilisema hivyo zamani. Basi, kabla ya kuwasha moto, nisikilizeni kwanza. Nitawaeleza jambo lililotokea nyumbani kwetu.

MAHARAGE YA MBEGU

Wifi yangu anakaa kijijini, wilaya ya Ngara. Binti yake mkubwa alipomaliza darasa la saba, alimwomba mama yake keki. Alikuwa ameiona picha yake katika simu ya jirani. Ilikuwa keki nyeupe yenye tabaka. Juu yake kulikuwa na matunda mekundu. Matunda hayo huitwa stroberi.

Wifi hakuwa na fedha. Alikuwa na madebe mawili ya maharage. Maharage hayo yalikuwa mbegu ya msimu uliokuwa unakuja. Aliyauza yote mawili. Akaagiza keki mjini.

Keki ililetwa kwa pikipiki. Ilikuwa mwezi wa Septemba, saa saba mchana. Jua lilikuwa kali na barabara ilikuwa ya vumbi. Tulipofungua boksi, krimu ilikuwa imeyeyuka. Ilikuwa imeshuka chini kama uji. Tabaka la juu lilikuwa limeteleza pembeni. Binti alilia. Mama yake alinyamaza.

Mpishi alikuwa amepika vizuri. Mwenye pikipiki alijitahidi. Kosa lilikuwa letu. Hatukujua tabia ya krimu.

Mvua za vuli zilipoanza, wifi alikwenda kukopa mbegu. Alikopa debe moja. Wakati wa mavuno alilipa madebe mawili. Keki ililiwa kwa dakika kumi. Deni lake lilikaa shambani msimu mzima.

Miaka miwili baadaye, mdogo wa yule binti alimaliza darasa la saba. Safari hii keki ilipikwa uani, kwa mkaa, ndani ya sufuria. Tunda lake lilikuwa pasheni. Maharage ya mbegu yalibaki ndani ya gunia. Yule binti mkubwa alionja, akaniuliza, "Shangazi, keki hii imetoka duka gani?" Nilimwonyesha majivu.

Hiyo ndiyo keki tutakayopika leo.

STROBERI NI TUNDA GANI?

Stroberi ni tunda dogo jekundu. Mmea wake ni mfupi, nao hutambaa chini. Mbegu zake ndogo huonekana kwa nje. Mmea huu hupenda mahali penye baridi kiasi. Hapa Tanzania hulimwa sehemu za milimani, kama Arusha na Lushoto.

Stroberi ni laini sana. Huharibika upesi kama haikuwekwa mahali pa baridi. Kutoka Arusha mpaka Ngara au Biharamulo ni mbali. Ndiyo sababu huku kwetu stroberi ni adimu, na ikipatikana bei yake ni kubwa.

Hata hiyo stroberi ni mgeni. Mwaka 1714 Mfaransa mmoja aitwaye Frézier alirudi kwao na miche ya stroberi kutoka Chile, Amerika ya Kusini. Huko Ufaransa ilichanganyika na stroberi nyingine iliyotoka Amerika ya Kaskazini. Hapo ilipatikana stroberi kubwa inayolimwa leo. Na ndizi, chakula chetu cha kila siku, asili yake ni Asia. Matunda husafiri kama watu.

Keki ya tabaka nayo hubadilika kila inapofika. Wajapani hula keki ya stroberi na krimu wakati wa Krismasi. Wajerumani wana keki yao ya krimu na tunda dogo liitwalo cheri. Watu wa Australia na New Zealand hupiga ute wa mayai na sukari, wakauoka, kisha huweka krimu na matunda juu. Mara nyingi tunda lao ni pasheni au stroberi. Kila watu hutumia tunda walilo nalo.

Sisi tuna matunda mengi. Tuna pasheni, nanasi, ndizi mbivu, papai, embe na forosadi. Ukitaka keki yenye wekundu, tumia forosadi zilizoiva. Usiuze mbegu kwa ajili ya stroberi.

WATOTO KWANZA

Keki hii inataka mayai 8. Hayo ni mayai mengi. Yai ni chakula cha kujenga mwili. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wenye umri chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake unavyotaka. Chakula duni ni sababu moja kubwa.

Kwa hiyo usiwanyime watoto mayai kwa ajili ya sherehe ya siku moja. Panga mapema. Wiki mbili kabla ya sherehe, anza kuweka yai moja moja mahali pa kivuli penye ubaridi. Mengine wape watoto kama kawaida. Usichukue mayai ambayo kuku ameanza kuyalalia.

Siku ya kupika, pima mayai yako. Yatie katika maji baridi. Yai zuri huzama. Yai linaloelea limekaa sana. Usilitumie.

VITU VINAVYOTAKIWA

Kikombe ninachosema hapa ni kikombe kikubwa cha chai, kinachoingia robo lita. Tumia kikombe kimoja kupimia vitu vyote.

Kwa keki:
Mayai 6.
Sukari kikombe 1, kisijae sana.
Unga wa ngano kikombe 1 na nusu.
Baking poda kijiko 1 cha chai.
Chumvi kidogo sana.
Limau 1.
Mafuta kidogo ya kupaka sufuria.

Kwa tunda la katikati:
Pasheni 12 zilizoiva.
Sukari nusu kikombe.

Kwa krimu ya ute wa mayai:
Ute wa mayai 2.
Sukari kikombe 1.
Maji vijiko 4 vya chakula.
Matone machache ya maji ya limau.

Vyombo:
Sufuria ndogo ya kuokea, yenye upana wa sentimita 22 hivi.
Sufuria kubwa ambayo ile ndogo inaingia ndani yake, pamoja na mfuniko bapa wa bati.
Mchanga mkavu uliochekechwa, na mawe madogo matatu.
Bakuli mbili kavu na safi.
Jiko la mkaa, karatasi nyeupe na uzi imara.
Kifaa cha kupigia mayai. Kama huna, funga uma mbili pamoja.

KUTENGENEZA OVENI YA SUFURIA

Oveni ni chombo kinachotoa joto juu, chini na pembeni. Sufuria kubwa yaweza kufanya kazi hiyo.

Mwaga mchanga ndani ya sufuria kubwa. Unene wake uwe vidole viwili. Panga mawe matatu juu ya mchanga. Funika. Weka juu ya jiko lenye moto wa kiasi. Palia makaa ya moto juu ya mfuniko. Acha kwa dakika 15.

Sasa pima joto. Nyunyiza unga kidogo juu ya kifuniko cha kopo. Kiweke ndani ya sufuria, juu ya mawe. Funika kwa dakika 5. Unga ukibaki mweupe, moto hautoshi. Ukiwa mweusi, moto umezidi. Ukiwa na rangi ya kahawia hafifu, moto unafaa.

Kumbuka neno hili: moto mdogo chini, moto mwingi juu. Keki nyingi za sufuria huungua kwa sababu mpishi aliweka moto mwingi chini.

Pikia uani au mahali penye hewa. Usiwashe mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa hutoa hewa yenye sumu. Haionekani wala hainuki, nayo huua.

KUPIKA KEKI, HATUA KWA HATUA

1. Paka mafuta ndani ya sufuria ndogo. Kata karatasi ya duara, itandike chini. Paka mafuta tena juu ya karatasi.

2. Changanya unga, baking poda na chumvi. Chekecha mara mbili. Weka kando.

3. Vunja mayai. Vunja kila yai peke yake katika kikombe, ili yai bovu lisiharibu mengine. Tenga ute na kiini. Ute wote uingie bakuli moja. Viini viingie bakuli la pili. Kiini hata kidogo kisiingie kwenye ute. Kiini kina mafuta, na mafuta huzuia ute kuumuka.

4. Piga ute kwanza. Ukianza kuwa povu jeupe, ongeza nusu ya sukari, kidogo kidogo. Endelea kupiga mpaka ute usimame. Ukiinamisha bakuli, ute usianguke. Kwa mkono kazi hii huchukua dakika 10 hadi 15. Pokezaneni watu wawili. Vijana wenye nguvu wasikae kando wakisubiri kula.

5. Sasa piga viini na sukari iliyobaki. Piga mpaka viwe vizito na rangi ipauke. Kwaruza ganda la limau, yaani ile sehemu ya nje ya rangi tu, utie humo.

6. Mimina viini juu ya ute. Nyunyiza theluthi moja ya unga. Usikoroge kwa nguvu. Pindua kwa mwiko, kutoka chini kuja juu, taratibu. Tia theluthi ya pili, pindua. Tia iliyobaki, pindua. Ukiona unga umeingia wote, acha mara moja.

Kwa nini taratibu? Kwa sababu keki hii huumuka hasa kwa hewa. Ulipopiga mayai, uliingiza hewa katika vipovu vidogo sana. Joto la oveni litaitanua hewa hiyo, na keki itapanda. Ukikoroga kwa nguvu, vipovu hupasuka. Hewa hutoka. Keki hubaki nzito kama tofali.

7. Mimina katika sufuria ndogo. Isijae. Ibaki theluthi moja wazi. Punguza moto wa chini. Weka sufuria ndogo juu ya mawe matatu. Funika. Palia makaa juu ya mfuniko.

8. Usifunue kabla ya dakika 30. Ukifunua mapema, ubaridi huingia na keki huzama katikati. Baada ya hapo, ondoa makaa ya juu kwa uangalifu na ufunue. Choma keki katikati kwa kijiti safi. Kijiti kikitoka kikavu, keki imeiva. Kikitoka na unga mbichi, funika tena kwa dakika 5 au 10. Keki nyingi huiva kati ya dakika 35 na 45.

9. Ipua. Ngoja dakika 10. Pitisha kisu pembeni. Pindua keki juu ya ungo safi au kitambaa. Bandua karatasi. Acha ipoe kabisa.

KUKATA TABAKA

Keki moto haikatwi. Itavunjika. Ngoja ipoe, hata saa mbili.

Chukua kisu. Weka alama kuzunguka keki, mahali pawili, ili upate tabaka tatu zenye unene sawa. Sasa chukua uzi imara, ulio safi. Uzungushe katika alama ya kwanza. Pishanisha ncha zake mbele. Vuta ncha zote mbili kwa pamoja. Uzi utakata keki sawasawa kuliko kisu. Fanya hivyo katika alama ya pili.

TUNDA LA KATIKATI

Kata pasheni. Toa majimaji na mbegu zake. Chuja nusu yake ili mbegu zisiwe nyingi mno. Tia katika sufuria pamoja na sukari nusu kikombe. Chemsha kwa moto mdogo ukikoroga. Baada ya dakika 10 hivi itakuwa nzito. Ipua, acha ipoe.

Ukitumia nanasi, likatekate vipande vidogo sana. Lichemshe na sukari mpaka maji yake yapungue. Usitumie nanasi bichi pamoja na krimu ya maziwa. Nanasi bichi lina kitu kinachovunja protini ya maziwa. Krimu huwa chungu.

Ukitumia ndizi mbivu, zikate vipande vyembamba. Zinyunyizie maji ya limau zisiwe nyeusi. Ziweke wakati unapokaribia kula.

KRIMU ISIYOTAKA FRIJI

Krimu ya ute wa mayai haina mafuta. Kwa hiyo haiyeyuki kama krimu ya maziwa. Inafaa sana kwa nyumba isiyo na friji.

Chemsha maji katika sufuria ndogo. Weka bakuli juu yake. Sehemu ya chini ya bakuli isiguse maji. Mvuke peke yake utoshe. Katika bakuli tia ute wa mayai 2, sukari kikombe 1, maji vijiko 4 na matone ya limau.

Piga bila kupumzika. Ukipumzika, ute utaiva na kuganda kama yai la kukaanga. Piga kwa dakika 7 hadi 10. Mchanganyiko utakuwa wa moto sana. Utakuwa mweupe na mzito, nao utasimama. Ondoa juu ya maji. Endelea kupiga mpaka upoe.

Joto hilo ni la lazima. Ute mbichi waweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Joto la mvuke huviua. Usipake keki ute ambao haukupata moto.

Viini viwili vimebaki. Usivitupe. Vipige na maziwa kidogo, uvitie katika uji wa mtoto unapochemka. Koroga mpaka viive. Kama nilivyosema, watoto kwanza.

KAMA UNA FRIJI

Siku hizi umeme umefika vijiji vingi. Wapo wenye friji. Hao waweza kutumia krimu ya maziwa, ile ya kwenye picha. Lakini ni lazima kuijua tabia yake.

Krimu ni mafuta ya maziwa. Maziwa yakitulia, mafuta hupanda juu. Mimina maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, lita 8 hadi 10, katika vyombo vipana na safi. Funika. Weka katika friji usiku kucha. Asubuhi engua krimu ya juu kwa kijiko. Usichote maziwa ya chini.

Pasha krimu hiyo moto mdogo ukikoroga, mpaka itoe mvuke na vipovu vidogo pembeni. Maziwa mabichi yaweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu. Yaweza pia kubeba vijidudu vya ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba. Ugonjwa huo humpata binadamu vilevile, nao humpa homa ya muda mrefu. Kwa hiyo usipige krimu mbichi. Ikishapata moto, ipoze na uirudishe katika friji mpaka kesho yake.

Weka bakuli katika friji pia. Siku ya sherehe, piga vikombe 2 vya krimu na vijiko 3 vya sukari. Ikisimama, acha mara moja. Ukizidisha kupiga, utapata siagi. Akina mama wanaosukasuka maziwa katika kibuyu wanalijua jambo hili. Kazi ni ile ile. Tofauti ni wapi unasimama.

Krimu hii husimama kwa sababu mafuta yake ni ya baridi na magumu. Yakipata joto hulegea, na hewa hutoka. Hiki ndicho kilichotupata sisi siku ile. Keki ya krimu ya maziwa haipandi pikipiki mchana. Pakwa krimu nyumbani, iliwe nyumbani, saa ile ile.

Maziwa yaliyobaki baada ya kuengua si makapi. Mafuta yamepungua, lakini protini ya kujenga mwili bado imo. Yachemshe, wape watoto. Au yagandishe.

KUPANGA KEKI

Weka tabaka la kwanza katika sinia. Paka nusu ya pasheni. Paka krimu kidogo. Weka tabaka la pili. Paka pasheni iliyobaki na krimu kidogo. Weka tabaka la tatu. Paka krimu juu na pembeni kwa kisu kipana. Pamba kwa vipande vya tunda.

Paka krimu siku ile ile ya sherehe. Keki tupu, bila krimu, yaweza kupikwa jana yake. Ifunike kwa kitambaa safi. Kama sherehe ni mbali, beba keki tupu, na krimu ukapigie huko huko. Mayai mawili, sukari na bakuli si mzigo.

MAKOSA NA SABABU ZAKE

Keki imezama katikati: Ulifunua mapema, au uliipua haijaiva.

Keki imeungua chini, juu ni mbichi: Moto wa chini ulizidi. Ongeza mchanga. Punguza makaa ya chini.

Keki ni nzito: Mayai hayakupigwa vya kutosha, au ulikoroga unga kwa nguvu.

Ute haukuumuka: Bakuli lilikuwa na mafuta au maji, au kiini kiliingia.

Usikate tamaa kwa keki ya kwanza. Ya kwanza ya wifi yangu iliungua. Tulikata sehemu nyeusi, tukala iliyobaki na chai. Ya pili ilikuwa nzuri. Fanyeni majaribio kabla ya sherehe, siyo siku ya sherehe.

KEKI NA KIPATO

Kikundi cha akina mama chaweza kupata fedha kwa kazi hii. Pale Lusahunga na Nyakanazi, wilayani Biharamulo, magari husimama. Pale Benako na Rusumo, wilayani Ngara, madereva na abiria wa Rwanda hupita. Watu hao hununua chai na vitafunio. Msiwauzie keki ya krimu. Itaharibika juani. Wauzieni vipande vya keki tupu, vilivyofunikwa vizuri.

Lakini kabla ya kuuza, chukua daftari. Wewe sasa unajua kuandika. Andika bei ya kila kitu: unga, sukari, baking poda, limau, mafuta na mkaa. Andika na mayai pia. Usiseme, "Mayai ni ya kuku wangu, ni ya bure." Yai hilo ungeweza kuliuza. Lina bei. Jumlisha. Gawanya kwa idadi ya vipande. Hapo utajua kila kipande kimekugharimu shilingi ngapi. Ukiuza chini ya hapo, unafanya kazi ya hasara.

Hesabu hiyo hiyo itumie kwa sherehe yako. Andika upande mmoja gharama ya keki ya kuagiza, pamoja na usafiri. Andika upande wa pili gharama ya keki ya nyumbani. Baba na mama wasome pamoja. Kisha waamue. Kama wifi yangu angeandika hesabu hiyo, naamini maharage yasingetoka ndani ya gunia.

Mtoto akiomba keki hakosei. Amefanya kazi, amemaliza shule, anataka siku yake ipendeze. Tumpe keki. Lakini asubuhi ya pili mama awe bado ana mbegu ya kupanda.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini krimu ya maziwa iliyeyuka njiani?
2. Kwa nini unga hupinduliwa taratibu, wala haukorogwi kwa nguvu?
3. Katika kijiji chenu kuna matunda gani mwezi huu? Lipi litafaa kwa keki?
4. Keki yenye vipande 20 ikigharimu shilingi 8,000, kipande kimoja kimegharimu shilingi ngapi?
5. Je, katika kijiji chenu kuna watu waliouza mbegu kwa ajili ya sherehe? Nini kilifuata?

Mwezi ujao tutajifunza kukausha ndizi na nanasi, ili zisitupotee wakati wa msimu. Mpaka wakati huo, palieni moto juu.